Pembe ya Buluu Kisimani

Jumapili, 21 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Vidole vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi, mguu wa kushoto unaburuta. Rukhsana wa kituo cha ushauri ameniambia niandike hivi mpaka siku ya kesi: mwili ulivyoamka, nilichoweza, nilichoshindwa. "Na usipambe, Lorna," akasema. "Andika kama unamsema mtu usiyempenda."

Haya basi. Mimi ni Lorna Ollerenshaw, nasuka viti. Mtu akiwa na kiti cha bibi yake ambacho kikalio chake cha fito za henzirani kimetoboka, hapa Thorsclough na vijiji vya jirani, anakileta kwangu. Zamani kiti kilinichukua siku mbili. Tangu ugonjwa wa neva uniingie, kinanichukua wiki tatu. Nasuka nusu saa, najilaza sakafuni mwa karakana, na mwili ukikubali naamka nasuka tena kidogo. Ukikataa, kiti kinangoja. Ndiyo raha ya kujiajiri, bosi anajua hali yako.

Posho ya ulemavu haimkatazi mtu kufanya kazi. Watu hawalijui hilo, wanadhani ukishika nyundo tu basi umepona. Wanachopima ni mwili wako unaweza nini. Na posho hiyo ndiyo iliyokuwa inalipia gari langu, lile la kuendesha kwa mikono tu bila miguu. Novemba watu wa posho waliniandikia kwamba mwili wangu unaweza karibu kila kitu. Januari wakaja wakalichukua gari. Bila gari siendi kuchukua viti wala kuvirudisha kwa wenyewe. Basi la kijijini lipo, lakini dereva wake hapendi hata mwavuli, sembuse kiti. Kwa hiyo wameninyima posho kwa sababu nafanya kazi, na bila posho kazi yenyewe inakufa.

Rufaa yangu itasikilizwa Chesterfield tarehe kumi na nane Juni. Nikishindwa, nafunga karakana.

Jumatano, 24 Aprili

Nusu saa. Mistari minne. Mchana nililala.

Alhamisi, 2 Mei

Dada Bev amekuja na supu, na maneno.

"Acha kusuka mpaka kesi iishe," akasema kabla hajavua koti.

"Halafu niwaambie nini?"

"Waambie huwezi."

"Lakini naweza. Nusu saa."

"Hiyo nusu saa yako ndiyo itakayokuzika. Wale hawajui nusu. Wanajua unaweza au huwezi."

Nikamwambia sitajifanya maiti ili nipewe gari. Akasema hakuna aliyesema maiti, amesema kupumzika. Tukanywa supu kila mtu kanuna.

Kisha akarudi kwenye lile linalotukera sote wawili. Barua ya Novemba ilisema natembea ndani ya nyumba bila shida na nabeba vitu kwa mikono miwili. Nani aliwaambia? Mimi sikuwaambia. Bev akasogeza pazia, akaonyesha kwa kidevu nyumba ya pili ng'ambo ya barabara.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema.

Pale anakaa Mzee Desmond Fearn. Alifanya kazi machimboni na marehemu baba, na sasa ndiye mkuu wa kupamba kisima cha kijiji kwa maua. Nilicheka. Lakini Bev alipoondoka nikakumbuka kwamba Jumapili, nje ya kanisa, Mzee Fearn alinishika mkono akaniuliza, "Vidole vinakwendaje mwaka huu, binti?"

"Si vibaya, Mzee."

"Unavisikia?"

"Navisikia."

"Vyote?"

Sasa mtu anauliza "vyote" ili apate nini?

Uchungu wangu ni huu. Ugonjwa umenichukulia mengi, ila haujanichukulia kisima. Kila Juni tunatia udongo mbichi kwenye mbao kubwa, tunabandika petali za maua moja moja mpaka picha itokee, kisha mbao zinasimamishwa kisimani na mchungaji anabariki maji. Pembe ya juu kushoto, ile ya anga, ilikuwa ya baba. Alipofariki wakanipa mimi. Mwaka juzi mvua ilipiga wiki nzima na pembe za wengine zilimeguka. Yangu haikudondosha hata petali moja. Nilienda kuitazama kila siku. Na msimamizi wa kazi hiyo ni huyuhuyu Fearn.

Jumanne, 7 Mei

Amenipungia mkono. Nimejifanya natafuta funguo.

Alhamisi, 9 Mei

Siku mbaya. Bev alinifunga vifungo.

Jumatatu, 13 Mei

Naandika haya nikiwa na aibu, lakini Rukhsana amenikataza kupamba maneno.

Rukhsana alikuja mwenyewe na bunda la makaratasi ya kesi. Mimi nilipata bunda kama hilo tangu Machi, nikalisoma ukurasa wa kwanza, nikapandwa na hasira, nikaliweka chini ya kiti kibovu ili kisiyumbe. Yeye amelisoma lote. Akakaa jikoni, akavaa miwani.

"Kabla hatujamtafuta mbaya wako," akasema, "tusome aliyoandika mkaguzi. Alikuja hapa nyumbani, siyo?"

"Oktoba. Binti mmoja mpole."

"'Alifungua mlango mwenyewe akitabasamu.'"

"Mtu akibisha hodi utafanyaje?"

"'Sikuona fimbo wala kifaa chochote cha kutembelea.'"

Rukhsana akanitazama juu ya miwani.

"Fimbo ilikuwa kabatini," nikasema. "Haipendezi sebuleni."

"'Amevaa nadhifu, blauzi ya vifungo vidogo, vyote vimefungwa.'"

"Bev ndiye aliyenifunga. Alikuja asubuhi kabla ya kwenda kazini."

"Ulimwambia mkaguzi?"

"Hakuuliza."

"'Nilipomuuliza hali, alijibu: si mbaya, asante.'"

"Rukhsana, hiyo ni salamu tu. Wewe hapa mtu akikuuliza hali unamjibu nini?"

"Namjibu hivyohivyo. Endelea kusikiliza. 'Alitayarisha chai, akaileta kwenye sinia pamoja na maziwa na keki aliyoioka mwenyewe.'" Akaiweka karatasi chini polepole. "Lorna. Na keki?"

"Keki ya limau," nikasema. "Nilikuwa na mgeni."

Alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Nami nikacheka, kisha sikuwa nacheka tena. Keki ile ilinichukua siku mbili, na bakuli moja lilinivunjikia. Sinia niliibeba kwa kuegemeza kiuno ukutani hatua kwa hatua, naye alikuwa ameinama anaandika. Alipoondoka nilimpungia mkono mlangoni, nikafunga, nikakaa palepale sakafuni mpaka Bev alipokuja jioni. Kesho yake sikuweza kushika kijiko.

"Alikuuliza kama unaweza kutembea mpaka dukani," Rukhsana akasema. "Ukamjibu, 'Najikongoja.' Yeye ameandika: anamudu."

"Kwa hiyo Mzee Fearn..."

"Hamna Mzee Fearn humu. Hamna jirani, hamna simu, hamna mtu yeyote aliyekusema. Yote yametoka kinywani mwako na kwenye sinia yako." Akapunguza sauti. "Mama yangu kule Bradford angekuwa vilevile. Yeye angempikia na biriani."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi yangu niliyaficha ndani ya keki. Na wiki nzima nimemnunia mzee wa watu bure.

Rukhsana anasema baraza la rufaa litataka kumsikia mtu asiye ndugu, aliyeniona nikitumia mikono. Najua ni nani. Sitaki kumwendea.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua. Nimemaliza kiti cha Bwana Alsop. Hakuna wa kukipeleka.

Jumatatu, 27 Mei

Nimekwenda ng'ambo ya barabara, na fimbo. Nimeibeba waziwazi kama askari.

Mzee Fearn alikuwa uani anakanyaga udongo wa kisima kwenye beseni, miguu mitupu, suruali imekunjwa magotini, anaunyunyizia chumvi usikauke upesi. Hakusimama.

"Umepata funguo zako?" akauliza.

Nilistahili. Nikamwomba radhi, nikamweleza nilivyomdhania. Akaendelea kukanyaga.

"Ningetaka kukuchongea, ningekuchongea miaka ishirini iliyopita," akasema. "Ulipogonga ukuta wangu kwa gari la baba yako."

Nikamwambia ninachohitaji, aje Chesterfield awaeleze anavyoniona. Hapo ndipo aliposimama.

"Nikienda kule nitasema kweli, binti. Mimi sijui kusema nusunusu mbele ya hakimu."

"Kweli ndiyo ninayoitaka."

"Hujui unachokitaka." Akajipangusa miguu muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Huna mwingine?"

"Sina."

"Bi. Heathcote wa kule kisimani je?"

"Bi. Heathcote hasikii vizuri, Mzee. Atajibu maswali ambayo hajaulizwa."

Akatazama udongo wake. Mwishowe akasema atakuja, na kwamba kiti cha Alsop nikiweke mlangoni, atakipeleka kwa gari lake la mizigo. Nilirudi nyumbani nikijiuliza mzee ana wasiwasi gani. Labda anaogopa mahakama.

Jumatatu, 3 Juni

Nusu saa. Jua.

Jumatatu, 10 Juni

Bev anataka nivae kitu kilichochakaa siku ya kesi. Nimemwambia sina kitu kilichochakaa. Ameenda kabatini kutafuta, hajapata, amekasirika.

Jumanne, 18 Juni

Nimeshinda. Naandika hilo kwanza kwa sababu yaliyobaki hayafanani na ushindi.

Chumba kilikuwa cha kawaida tu, meza ndefu na jagi la maji. Walikuwa watatu: hakimu mwanamke mwenye nywele fupi, daktari, na bwana mmoja wa kiti cha magurudumu. Bev alinifunga vifungo, na safari hii tuliwaambia. Hakimu akaniangalia kwa upole.

"Hujambo, Bibi Ollerenshaw? Unaendeleaje leo?"

"Si mbaya, asante," nikasema.

Rukhsana alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Nikafumba macho.

"Samahani," nikasema. "Hilo ndilo jibu langu la kila siku. Jibu lenyewe ni kwamba nimeamka saa kumi ili niwe hapa saa nne, nimelala kwenye kiti cha gari njia nzima, na huu mkono siusikii."

Bwana wa kiti cha magurudumu aliinamisha kichwa, nadhani alikuwa anatabasamu. Baada ya hapo ikawa rahisi kidogo. Nikaeleza keki. Nikaeleza sinia na ukuta. Daktari akauliza: kama vidole havisikii, nasukaje viti? Nikamwambia henzirani ni ngumu, nayaona matundu, macho ndiyo yanayosuka na vidole vinafuata. Nikikosea naona, nafumua. Akauliza kuna kazi gani ya vidole ambayo macho hayasaidii. Nikasema siijui. Hapo wakamwita Mzee Fearn.

Aliingia na kofia mkononi, suti ya mazishi. Hakuniangalia.

"Bwana Fearn," hakimu akasema, "wewe humwona Bibi Ollerenshaw akifanya kazi?"

"Kisimani, mama. Kila Juni. Anapewa pembe ya juu kushoto, ya anga. Ilikuwa ya baba yake."

"Na anaifanyaje?"

"Anakaa kama nusu saa anabandika. Halafu anachoka, namrudisha nyumbani kwa gari langu." Akaigeuza kofia. "Akishaondoka tunaibandua yote."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mnaibandua?" hakimu akauliza.

"Petali zinakuwa zimekaa juujuu, hazijaingia kwenye udongo. Petali ukiibonyeza sawasawa unaisikia kidoleni inavyoshika. Kwa macho huwezi kujua. Yeye haisikii. Halafu siku hizi akichoka anasahau, anapanga kutoka juu kwenda chini, na petali lazima zianzie chini, kama vigae vya paa, vinginevyo maji yanaingia. Kwa hiyo mimi na Bi. Heathcote tunabandua, tunaanza upya. Mwaka wa nne sasa. Kila mwaka namuuliza vidole vinakwendaje, nione kama tutaweza kuacha. Anasema si vibaya."

Jagi la maji lilikuwa mbele yangu, nikalitazama hilo.

"Na yeye anajua?" akauliza daktari.

"Sasa anajua," akasema Mzee Fearn.

Walitutoa nje, tukakaa kwenye korido. Rukhsana alinishika mkono ule nisiousikia, nikamwacha. Walipotuita tena hakimu akasema nimerudishiwa posho yote, na ya gari ndani yake, na kwamba kazi yangu ya viti haibadilishi lolote. Bev akalia. Mimi nikasema asante sana, kwa adabu zote, kama mtu aliyeletewa chai.

Mzee ndiye aliyenirudisha kwa gari lake. Kwenye mlango wangu akasema, "Nilikwambia hujui unachokitaka." Nikashuka.

Jumatano, 19 Juni

Sikutoka kitandani. Nusu ni mwili, nusu ni hasira.

Wiki nzima ile ya mvua nilikwenda kisimani kuitazama kazi ya Desmond Fearn na kujisifu. Nilimwonyesha mpaka mchungaji. Na watu walikuwa wamesimama palepale wanasema, "Imeshika kweli, Lorna." Kijiji kizima kilinipa keki ya limau.

Alhamisi, 20 Juni

Nimeamka na hofu mpya: na viti je? Pengine na hivyo kuna mtu anavifumua usiku. Nikamwita Bev, nikamwambia akikalie kiti nilichomaliza majuzi, na akikalie hasa, asinionee huruma. Bev si mwepesi. Akajitupa mara tatu, akainuka, akakibonyeza kwa goti.

"Kimeshika," akasema.

"Unasema kweli au unanipaka mafuta?"

"Lorna, nina kilo tisini. Kisingeshika ningekuwa chini."

Nikalia hapo, jana sikulia. Viti ni vyangu.

Jumatatu, 24 Juni

Leo wameanza kubandika. Nasikia vicheko kutoka ukumbi wa kijiji. Siendi.

Jumanne, 25 Juni

Mzee Fearn alibisha saa nne. Nilifungua na fimbo mkononi.

"Petali zinanyauka, binti."

"Si mna watu."

"Tuna watu. Pembe ya anga iko tupu."

"Ijazeni. Mmezoea."

Akakubali hilo kwa kichwa, hakujitetea. "Baba yako alinikabidhi niiangalie pembe, na nikuangalie na wewe," akasema. "Nilidhani nafanya yote mawili. Gari liko wazi."

Nikaenda. Sijui kwa nini, labda kwa sababu alikuwa ameacha injini inawaka na mafuta ni ghali. Ukumbini kila mtu akawa na shughuli na ua lake. Bi. Heathcote, ambaye hasikii, ndiye peke yake aliyesema kwa sauti, "Amekuja! Mmemwambia?"

Nikakaa kwenye pembe yangu. Nikachukua petali ya buluu, nikaibonyeza kwenye udongo. Nikabonyeza nyingine, na nyingine, safu ndogo, kutoka chini. Kwa macho ilikuwa safi kabisa.

"Mzee Fearn," nikasema. "Zimeingia?"

Akajifanya hajasikia.

"Mzee, nimekuuliza."

Akaja, akapitisha kidole gumba. "Hii imeingia," akasema. "Hii hapana. Hii hapana." Akafika mwisho wa safu. "Nazo hizi hapana."

"Basi bandua."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, nikiwa nimekaa hapa."

Akabandua. Niliona jinsi zilivyotoka, bila hata kuvutwa. Halafu akavuta stuli akakaa kando yangu, na mimi nikawa namchagulia. Anga haiwi na buluu moja, na Mzee Fearn, Mungu amsamehe, hatofautishi buluu na zambarau. Ndiyo maana anga ya mwaka juzi ilikuwa na wingu ambalo sikulikumbuka. Nilimpa petali moja moja, ya kukoza chini, ya kupauka juu, akizikosea nikamrudisha. Tuligombana mpaka nusu saa yangu ikaisha na nyingine ikapita, na sikumbuki kujilaza.

Jumamosi, 29 Juni

Kisima kimebarikiwa. Mvua ilianza katikati ya sala na pembe ya buluu haikudondosha kitu. Gari jipya linakuja wiki ijayo; Bwana Alsop ana viti vingine vitatu.

Baada ya sala mchungaji alizunguka akiwapa watu mikono, akanifikia. "Na wewe, Lorna, hujambo? Unaendeleaje?"

Nilikuwa nimesimama tangu wimbo wa kwanza na mguu ulikuwa unaanza kuniacha. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile la miaka yote. Nikalimeza.

"Vibaya leo," nikasema. "Nitaanguka sasa hivi."

Mchungaji wa watu alibaki ameushika mkono wangu. Mzee Fearn alikuwa ameshaenda kuleta kiti.